Yaya Aliyeujua Mji kwa Magurudumu

Mimi Ulaya sijafika, na kwa magoti haya sidhani kama nitafika. Nasema mapema ili asije mtu akanikamata mbele ya safari. Lakini nipeleke leo Vienna, ule mji ambao Waarabu wanasema uko nchi ya Nimsa, uniteremshe mbele ya kanisa kubwa la katikati, nitakupeleka mpaka soko la zeituni, nitakupeleka bustani ya waridi, nitakuonyesha bomba la maji ya kunywa lilipo na choo kilipo, na sitakupandisha ngazi hata moja. Hiyo ya ngazi ndiyo itakwambia nani alinifundisha.

Alikuwa yaya wa nyumba niliyokuwa nikiendesha gari, Doha, upande wa Al Thumama. Tulimwita Yaya, na yeye aliniita Dereva, na nyumba nzima ilikwenda hivyo hivyo: Mpishi, Mlinzi, Madam, Baba. Ukikaa miaka mingi kwa jina la kazi, jina lako la kwenu unalikuta kwenye pasipoti tu, unalitazama kama la jirani. Lakini si hilo nililotaka kusema.

Nilitaka kusema habari ya kiangazi. Pale Doha joto likishafika lile la kuunguza mkono kwenye kitasa cha mlango, na shule zikifungwa, wenye uwezo wanahama. Nyumba nzima inafungwa, mashuka juu ya viti. Baba, Madam, watoto na Yaya wanakwenda Vienna, wanapanga nyumba kule mpaka joto lipungue. Sisi tunabaki. Mpishi, Mganda mmoja mwenye sauti ya kwaya, anabaki kupika chakula cha watu watatu kwenye masufuria ya watu thelathini. Mlinzi, Mkenya wa Nakuru, anabaki kulinda mashuka. Mimi nabaki kuwasha magari kila asubuhi ili betri zisife. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kiangazi: kukaa ndani ya gari ambalo haliendi popote.

Wakirudi, Ijumaa ya kwanza tunakwenda mtaa wa Najma, kwenye kijiduka cha chai ya maziwa na hiliki, na Yaya anatoa mji.

Sasa, huyu mama nyumbani alikuwa bubu. Ungeweza kumpeleka na watoto shuleni na kumrudisha usisikie ila “asante, Dereva”. Lakini ukimwekea kikombe cha chai pale Najma, Ijumaa ya kwanza, maneno yanatoka kama maji ya bomba lililokatwa wiki nzima: kwanza yanakohoa, halafu yanarusha kutu, halafu yanakuja.

“Wana mto,” akasema mwaka mmoja. “Pembeni ya mto wamemwaga mchanga. Wameuleta kwa malori. Halafu wanakuja watu wazima, wanavua nguo, wanalala juu ya mchanga kwenye jua.”

“Wanafanya nini?” akauliza Mpishi.

“Wanalala.”

“Wanauza nini?”

“Hawauzi kitu, Mpishi. Wamelala kama samaki ng’onda. Upande huu ukisha kuiva wanajigeuza.”

Mlinzi akapiga meza. “Mathe, zii! Hizo sasa ni stori za jaba, za watafuna miraa. Mchanga waletewe na lori? Si waje hapa, wachukue wote, na jua tuwaongezee bure?”

Tulicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia. Yaya hakucheka. Alingoja tumalize, akasema, “Mimi nimewaona. Ukisema nimeongopa, sitasema tena mpaka mwakani.” Na kweli alinyamaza, Mlinzi akalazimika kumwomba radhi kwa sambusa.

Uongo aliuchukia hivyo. Na hapo ndipo nilipoanza kumchunguza, maana mimi hadithi napenda, na msema kweli kwenye hadithi ni mtu wa ajabu. Nikaona kitu. Ukimuuliza habari ya mitaa anajua mpaka ufa wa njia. Anajua barabara ya mawe madogo madogo yanayomwamsha mtoto, na ile ya lami laini inayomlaza. Anajua nyumba za kizamani ambazo ukipita lango lake unakuta uwanja wa ndani, na lango jingine, na uwanja mwingine, ukatokea mtaa wa pili bila kuguswa na jua. Lakini ukimuuliza, “Ile nyumba yenye nguzo, ya juu pale, ni ya nini?” anajibu, “Sijui.” Kile kilima? “Sijui.” Yule mtu wa shaba aliyepanda farasi, nyuma yake kuna nini? “Nyuma yake kuna ngazi.”

Mji wake ulikuwa na matundu. Nikakaa nalo hilo muda mrefu, kwa sababu mimi darasa la nne niliishia njiani, nikipata fumbo nalitafuna polepole. Mwisho nikapata: kigari.

Kile kigari cha mtoto mimi ndiye niliyekuwa nikikipakia kwenda uwanja wa ndege, kwa hiyo nakijua. Kizito kama pikipiki, kina kivuli, kikapu chini, mahali pa chupa. Alianza nacho binti wa kwanza. Binti hajakiacha, wakaja mapacha, kikanunuliwa cha viti viwili. Mapacha hawajakiacha, akaja mdogo wao. Yaya miaka yote hiyo mikono yake ilikuwa kwenye mpini. Mji wote aliouona aliuona pale panapopita magurudumu. Akifika kwenye ngazi, anageuza. Tramu zile za kizamani zenye vidato alikuwa anaziacha zipite, moja baada ya nyingine, anasubiri mpya zenye sakafu ya chini. Alikuwa na msemo wake: “Ngazi ni za watu wasio na mzigo.” Na mwingine: “Ukipotea mji wa watu, mfuate mama mwenye mtoto anayelia. Huyo anajua maji yalipo.”

Usidhani alikuwa analalamika. Kigari kilimpeleka mahali ambapo mimi nisingefika hata kwa tiketi. Kule mvua inanyesha kiangazi, sijui ndiyo nini, na ikinyesha Madam alikuwa anasema, “Wapeleke makumbusho.” Kuna nyumba kubwa ya makumbusho, ina lifti. Kwa hiyo Yaya akawa mtu wa makumbusho, kwa sababu ya mvua na lifti.

Masanamu hakuyapenda. Mengine hayana nguo, na watoto wa Kiislamu wako mkononi. Alikuwa anawafunika macho anapita haraka. Lakini sanamu gani lina kidole kilichokatika, gani limevunjika pua, alikuwa anajua.

“Sasa wewe umeonaje?” nikamuuliza.

“Wao nawafunika mimi, Dereva. Mimi atanifunika nani?”

Kilichomshika kilikuwa picha moja. Ya zamani sana, kasema, imechorwa kabla babu wa babu hajazaliwa. Uwanja wa mji, na uwanja mzima umejaa watoto kama siafu, wanacheza. Kuna wanaorukiana migongo, kama kichura chetu. Kuna wanaosukuma duara kwa fimbo, kama sisi na ringi za baiskeli. Wengine wanapeana mgongo, wengine wamesimama kwa kichwa, mmoja amevaa ndoo. Kila kiangazi alisimama mbele ya hiyo picha mpaka watoto wakalala kwenye kigari. Na kila alipotusimulia alirudi kwenye neno moja.

“Watoto wote hawa,” anainua vidole, “na yaya hata mmoja! Nimetafuta. Kona zote nimetafuta. Nani anawatazama?”

“Ndio maana mmoja amevaa ndoo,” akasema Mpishi.

Mwaka mmoja alirudi na kichwa kimejaa hiyo michezo, na mapacha wakaanza kuniomba ringi. Mimi, mjinga wa mwisho, nikawapa tairi zima la akiba la gari la Madam, maana ringi sikuwa nayo. Walilisukuma vizuri, siwezi kusema hawakulisukuma, mpaka likaingia majlisi ya wageni wakati Baba ana wageni. Nilisemwa siku hiyo kwa Kiarabu ambacho nilikuwa sijakijua, na tangu siku hiyo nakijua. Yaya alijitokeza akasema kosa ni lake, kwa ajili ya picha. Madam akauliza, “Picha gani?” Yaya akaeleza. Madam akasikiliza mpaka mwisho, akasema naye hiyo picha hajaiona, ingawa yeye ndiye anayelipia tiketi. Walitazamana. Sijui walichoelewana.

Sasa nakuja kwenye kiini, na ningefika mapema kama si tairi.

Ilikuwa Ijumaa, palepale Najma. Yaya akaweka kikombe chini akasema, “Nimeshajua anayewatazama.”

“Akina nani?”

“Wale watoto wa pichani. Ni mchoraji mwenyewe. Fikirini. Wote unawaona mara moja, wa mbele na wa nyuma, hakuna aliyemfunika mwenzake. Ukisimama chini huwezi kuona hivyo. Mimi nasimama chini na wanne tu, mmoja ananipotea. Yule fundi alipanda juu. Alipanda mahali, akatazama chini.”

Ilikuwa na maana.

“Kwa hiyo na mimi nataka kupanda,” akasema.

Pale kwenye kanisa kubwa kuna mnara. Paa lake, alisema, limepangwa vigae vya rangi kama mkeka wa ukindu. Pembeni, kwa nje, kuna kimlango, na ndani ya kimlango kuna ngazi zinazozunguka mpaka juu, kwenye chumba chenye madirisha pande zote. Watalii wanaingia wakiwa watu, wanatoka wakiwa jasho. Yaya alikuwa amepita mbele ya kile kimlango na kigari kwa miaka. Alichotaka ni kupanda, atazame chini, ajue kitu kimoja tu: ile mitaa yake inashikana vipi. Kwa sababu alikuwa nayo kichwani kama vipande vya kitambaa. Soko la zeituni hapa, bustani ya waridi kule, mto wenye ng’onda kule. Kila kimoja alikijua, lakini kutoka kimoja kwenda kingine alikuwa anazunguka, na katika kuzunguka alipoteza upande.

“Nimeujua mji ule kuliko mji wetu,” akasema, “na sijui umekaaje.”

Mpishi akamwambia, “Lakini si uingie tu kanisani ukaulize? Ni nyumba ya Mungu, hawatakuuma. Au niite mimi niingie kwa niaba yako, mimi Mkristo.”

“Na watoto wa watu? Baba yao akiniuliza tulikuwa wapi nimwambie kanisani? Siingii. Kimlango cha ngazi kiko nje. Hicho kinanitosha.”

Basi kila mwaka akawa anamwomba Madam asubuhi moja ya peke yake. Na Madam, nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Anasema, “Inshallah.” Halafu mtoto anapata homa. Mwaka mwingine Madam mwenyewe anaumwa kichwa. Mwaka mwingine bibi wa watoto anakuja na wajukuu wengine, vigari vinakuwa viwili. Yaya alirudi mwaka huo akatuambia, “Nimefika mpaka kwenye kimlango. Nikaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, mkono mmoja uko kwenye kigari. Ni baridi mle, mawe yananukia kama mtungi.” Ndiyo habari yote ya kiangazi hicho.

Na magoti yake yakaanza kuuma. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu akikimbizana na kitu, na kitu kinamngoja palepale, utasema hapana haraka. Lakini yeye hakuwa anakimbizana na mnara. Alikuwa anakimbizana na watoto wa watu wasikue. Wakikua, nani anapeleka yaya Ulaya?

Wakakua. Mdogo wa mwisho akaacha kigari, nikakitia stoo mimi mwenyewe, nikamwona Yaya anakifunika shuka kama kiti cha sebuleni. Nikasema sasa, mwaka huu mikono yake iko huru. Mwaka huohuo familia ikabadilisha, ikaenda mji mwingine, kwa sababu ya binamu na maduka. Yaya hakupelekwa. Akabaki na sisi.

Hapo ndipo nilipoujua mji.

Asubuhi ya kwanza nilipokwenda bandani kuwasha magari, nikamkuta amesimama karibu na gari kubwa la familia, amevaa viatu vyake. Sijavitaja viatu. Alikuwa anavaa viatu vya kiume vya soli nene chini ya abaya, Madam alikwishachoka kumkataza. Akafungua mlango wa mbele akaketi.

“Washa, Dereva.”

Nikawasha, na kiyoyozi.

“Tunatoka nyumbani. Pinda kulia. Siyo huko, huko kuna ngazi.”

“Yaya, mimi niko ndani ya gari.”

“Wewe leo si gari. Wewe leo ni kigari. Pinda kulia, nenda mpaka kwenye mwanamke anayeuza maua. Pole pole, mawe hayo yatamwamsha.”

Nikashika usukani. Mtu mzima mimi, gari limeegeshwa, nikapinda. Tukaenda mpaka kwenye bomba la maji, tukanywa. Tukapita chini ya miti ya bustani ya waridi, kila mti wa waridi umefungwa kikaratasi chenye jina la mtu aliyependwa, watu hununua hivyo kule kwa wafu wao na wachumba wao. Mlinzi akapita na fimbo yake akainama dirishani.

“Mzee, mnaenda wapi na gari imepark?”

“Vienna,” nikasema.

“Niletee chokoleti.”

Viangazi kadhaa tulikwenda hivyo. Nikizima injini anashuka, anasema “asante, Dereva”, anaingia jikoni kumenya vitunguu. Siku moja, gari likiunguruma, nikamuuliza kama bado anautaka mnara. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa banda.

“Nautaka,” akasema. “Ila siku hizi nikipanda dungu la kuanikia nguo pale nyuma, nashuka nikiwa nimeshika ukuta. Wewe endesha tu.”

Halafu dunia ikatutawanya, kama kawaida yake. Mimi mkataba uliisha, nikahamia kampuni ya mabasi, nikawa nabeba mafundi kwenda mji mpya wa Lusail alfajiri, wakati Lusail bado ni mchanga na makreni. Mpishi alirudi kwao. Mlinzi sijui, nasikia ana duka. Yaya alibaki nyumba ileile.

Nilimwona mara ya mwisho Najma, kwa fundi viatu. Nimekwenda na kandambili yangu, namkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi, miguu mitupu imewekwa juu ya gazeti, fundi kashika kiatu cha kiume cha soli nene.

“Dereva!” akasema. Bubu yule. Akaniita mpaka mtaa wa pili ukasikia.

Nikaketi. Akaniambia yuko kwenye kuondoka, karatasi zimekamilika, anakwenda kwao kupumzika. Nikampa pole na hongera, maana ndiyo jinsi ilivyo. Nikaona anazuia kicheko.

“Sema, Yaya.”

“Binti kanipeleka.”

Binti wa kwanza, yule wa kigari cha kwanza. Amekwisha kuwa mtu mzima, anasomea mambo ya majengo huko huko Ulaya. Alikuja likizo akasema kabla Yaya hajaondoka, wanakwenda Vienna wawili tu, na safari hii Yaya ni mgeni.

“Tumefika kwenye kanisa,” akasema Yaya, “binti ananitazama magoti. Ananiambia, Yaya, usijisumbue, kuna mnara wa pili upande ule, una lifti. Unaingia ndani ya kanisa tu, unapanda.”

“Lifti?”

“Lifti.”

“Miaka yote ile?”

“Miaka yote ile, Dereva. Mimi na kigari tulikuwa tunapita nje ya lifti.” Akajipiga paja. “Yule Mpishi asijue. Nakuomba. Atanicheka mpaka Kampala.”

“Sasa ukaipanda?”

Akanitazama kama nimemtukana. “Nikamwambia, mwanangu, mimi kutafuta lifti ndiko kulikoniweka chini miaka yote. Leo sina mzigo. Shika mkoba.”

Akapanda ngazi. Anasema alipumzika kila panapopumzikika, na pasipopumzikika pia. Watalii wakawa wanabanwa nyuma yake, binti anawaomba radhi kwa lugha zote alizosomea. Vidato vimelika katikati, kama kinu. Alipofika kwenye kile chumba aliketi chini sakafuni kwanza, hakutazama dirisha lolote, mpaka moyo ukarudi mahali pake.

Nikashindwa kungoja. “Sasa, inashikana?”

“Inashikana,” akasema polepole. “Soko la zeituni na bustani. Unakumbuka tunavyozunguka, tunaacha mto kushoto, tunangoja tramu ya chini? Ziko karibu, Dereva. Ziko mgongo kwa mgongo. Katikati yake kuna ngazi tu. Kila mahali nilipogeuza, ndipo paliposhonwa.”

Fundi akamaliza kupaka gundi, akakibana kiatu katikati ya magoti yake, akatuambia tungoje ikauke. Tukangoja. Gari la taka likapita. Mimi nikawa naendesha kichwani, kutoka sokoni, moja kwa moja, napanda, nateremka, nipo kwenye waridi. Sikupapenda. Nilikuwa nimezoea kuzunguka.

“Halafu nikamwona,” akasema Yaya.

“Nani?”

“Chini, mdogo kama punje. Mwanamke na kigari. Anakuja na mtaa wetu ule wa mawe, anasukuma, na mimi najua mbele yake kuna nini, yeye hajui. Akafika kwenye ngazi. Akasimama. Anatazama huku, anatazama huku. Mimi nikasahau niko wapi. Nikapiga kelele dirishani: pinda kushoto, mama, pinda kushoto! Wazungu wote wakageuka.”

“Kushoto kuna nini?”

“Si kuna yale malango! Kivuli mpaka kwenye bomba la maji.”

“Sasa akapinda?”

Yaya aliifunika miguu yake na pindo la abaya, akajifuta macho, maana kicheko kilikuwa kimemshinda.

“Akapinda kulia, Dereva. Kwenye jua lote lile.”